Gitaa la Winrose na Muguka wa Waembu

"Hii ni nini?" Mzee Mithika aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ya chini, na Winrose, aliyekuwa jikoni akiponda mukimo wa viazi na mahindi, akajua papo hapo kwamba mambo yameharibika. Baba yake akipiga kelele hakuna shida, kelele zake hupita kama mvua ya Aprili. Akishusha sauti ndipo watu wa nyumba hiyo hutafuta pa kujificha.

Akauacha mwiko sufuriani, akasogea dirishani. Jiko lao lilitazamana na dirisha la sebule, na pazia la sebule siku hiyo lilikuwa limefungwa fundo ili wageni wapate hewa. Aliwaona wote. Baba yake kwenye kiti chake cha mbao. Wazee wawili wa ukoo upande huu, wazee wawili kutoka Embu upande ule. Katikati yao Hezekiah, baba mdogo wa Kivuti, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kusema. Na Kivuti mwenyewe, kijana aliyekuja kumposa, amekaa pembeni kabisa, koti limembana mabegani, nywele zimenyolewa mpaka masikio yanaonekana makubwa. Moyo wa Winrose ukalainika kidogo kwa hayo masikio.

Halafu akaona kilichokuwa juu ya meza.

"Ni muguka, mzee," Hezekiah alisema, amejaa furaha. "Imetoka kwa shamba yangu mwenyewe, leo asubuhi. Laini sana! Hata mtu asiye na meno anakula na kushukuru."

"Ngai wangu," alisema Marcella, mama yake Winrose, nyuma yake. "Wameleta majani kwa mfuko."

Kwa Wameru, mtu hafiki kuomba msichana mikono mitupu. Huleta mzigo wa miraa unaoitwa ncoolo, vijiti virefu vilivyochaguliwa kimoja kimoja, vikafungwa kwa majani ya mgomba vikakazwa mpaka vikasimama kama askari. Msichana huitwa akaulizwa mbele ya watu wote kama mzigo ufunguliwe. Akisema ndiyo, baba hufungua, na maneno yanaanza. Mzee Mithika alikuwa mzee wa kanisa na miraa hakuwa ameitia mdomoni tangu aokoke. Lakini hakuwa anangoja kutafuna. Alikuwa anangoja heshima yake, na heshima ilikuwa imefika kutoka Embu ndani ya mfuko wa kwenda sokoni.

"Mimi nimezaa msichana," alisema polepole. "Sijazaa mbuzi wa kuletewa majani."

"Lakini mzee, si ni mti ule ule? Nyinyi mnauma kijiti, sisi tunakula jani. Na tukisema ukweli, hicho kijiti chenu hata ng'ombe wetu angefikiria mara mbili."

Mzee mmoja wa Embu alikohoa. Mzee mmoja wa Meru alicheka, kisha akajifanya hakucheka.

"Sikia," Mithika alisema. "Hiyo muguka ni kosa la mgeni. Ningeweza kuimeza. Kilichonikaa hapa kooni ni kingine."

"Kitoe, muthoni wangu."

"Usiniite muthoni bado, hatujawa wakwe. Huyu kijana wenu anapiga ngoma. Msichana wangu anabeba gitaa mgongoni kama mtu anaenda kuchota kuni, miaka tisa sasa, leo Meru, kesho Embu, kesho kutwa Chuka, yeye na wanaume, wakipiga hiyo kelele inaitwa roki. Kanisani watu wananishika mkono wananiuliza, 'Mzee, yule tulimuona Kinoru akitupa nywele mbele na nyuma, ni wako?' Niambie, ninajibu nini?"

"Ni vigumu," Hezekiah alikubali.

"Basi nitasema mara moja. Msichana akiniambia nifungue, nitafungua, hata kama ni majani. Lakini nikifungua, gitaa inakwisha siku hiyo. Iuzwe ama ipande huko juu kwa dari. Bibi ya mtu si wa jukwaa."

"Mzee, hilo tu? Mimi nilidhani unaongea juu ya ng'ombe! Ataacha. Hesabu ameacha leo. Sisi Embu tuko na kahawa ya kuchuma, hata hiyo nafasi ya gitaa atatoa wapi?"

Wazee wakacheka wote, wa Meru na wa Embu.

Winrose hakuwaangalia wazee. Alimwangalia Kivuti. Alingoja. Alingoja aone kichwa kikiinuka, aone hata kidole kikisogea. Kivuti alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Na yeye amesikia. Amenyamaza!"

"Winrose, wewe unajua kijana haongei kwa hiki kikao. Ameletewa wa kumsemea."

"Angekohoa basi. Hata kukohoa kunakatazwa?"

Marcella alichukua mwiko akaendelea kuponda, na Winrose akatoka kwa mlango wa nyuma kabla machozi hayajaamua kutoka yenyewe.

Alisimama kando ya tangi la maji, mikono imejaa viazi. Bonde lote la chini lilikuwa wazi, migomba na mabati, na mbali kabisa paa la uwanja wa Kinoru. Alasiri hiyo hiyo bendi yao, Jiwe Moto, ilikuwa inangojwa huko chini. Mutwiri, mpiga besi, alikuwa tayari anashusha vyombo. Alikuwa amemtania asubuhi kwa simu: "Olewa haraka haraka, dada, shoo ni saa kumi."

Akasikia viatu kwenye changarawe. Alizijua hatua hizo. Mtu ukipiga naye muziki miaka tisa unamjua hata anavyotembea.

"Nimewaambia naenda kutoa soda kwa gari," Kivuti alisema. "Win."

"Usiniite Win. Niite mchuma kahawa."

"Haki, usifanye hivyo."

"Nani amefanya? Mimi nimeuzwa hapo ndani kama kuku na wewe unahesabu mashimo ya kamba za viatu."

"Baba mdogo ndiye mdomo wangu leo. Kijana akiongea mbele ya wazee anaharibu kila kitu. Na tayari ameharibu na hiyo muguka! Nilimwambia miraa. Nilimwambia mara ngapi! Akaniambia mtu mwenye shamba lake hapeleki kwa watu kitu cha kununua."

Winrose karibu acheke. Akajizuia.

"Kwa ngoma huwa hunyamazi," alisema. "Ile siku ya kwanza Embu, kwa uwanja wa ile hoteli, mpiga ngoma wetu ametoroka, nani alikuambia ukae pale? Wewe ulikuja kuunganisha nyaya za spika tu."

"Kiti kilikuwa hakina mtu."

"Ulinijibu hivyo hivyo. Na uso huo huo kama mbuzi ameshikwa kwa shamba la watu."

"Na wewe ukanifukuza."

"Nikakufukuza."

"Na sikutoka."

Alisema hivyo akamwangalia, na macho yao yakakaa pamoja. Kivuti alikuwa na namna ya kumtazama mtu kama amebaki peke yake duniani. Ndivyo alivyomtazama siku hiyo ya Embu kutoka nyuma ya ngoma ambazo hazikuwa zake, akingoja Winrose aanze ndipo amfuate. Na Winrose alipoanza, hakutangulia wala hakuchelewa. Alikuja naye kama maji yanavyofuata mfereji. Hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kumsikiliza namna hiyo, si nyumbani, si shuleni, si popote.

"Kama ungenipenda ungekuwa umesema," alisema kwa sauti ndogo.

"Nisikie kwanza." Kivuti akasogea karibu, karibu mpaka Winrose akasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake. "Tukubali tu. Wewe sema ndiyo, wafungue, tufunge ndoa. Tukae kimya miezi kidogo. Halafu tunarudi polepole, leo mazoezi, kesho shoo moja ya mbali. Mzee atazoea. Atajua nini?"

Winrose akarudi nyuma hatua moja.

"Tumdanganye."

"Si kudanganya. Ni kungoja."

"Kivuti, baba yangu ni mgumu lakini hajawahi kunidanganya. Nisimame mbele yake na mbele ya wazee, niseme nimeacha, halafu nitoke usiku kama paka? Mimi sitaiba gitaa langu mwenyewe."

"Tutapoteza kila kitu kwa sababu ya neno moja!"

"Unakumbuka Runyenjes?"

Nani angesahau Runyenjes? Ilikuwa soko limejaa, jua kali, na stima ikapotea katikati ya wimbo. Spika zikafa. Watu wakaanza kuzomea. Mutwiri akaanza kukunja nyaya. Winrose ndiye aliyekataa kushuka. Alimwambia Kivuti, "Piga tu," na Kivuti akapiga, na vijana wa boda boda waliokuwa wameegesha kando ya barabara wakawasha pikipiki zao wakaanza kuzingurumisha kwa mdundo wake, vrum, vrum, wote kwa pamoja, na akina mama wa nyanya wakachukua kiitikio wakakipeleka mahali ambapo bendi haikuwahi kukipeleka. Stima iliporudi hakuna aliyejali.

"Wewe siku hiyo uliniambia nini?" Winrose akauliza.

"Niliambia watu wote asante."

"Mimi uliniambia nini?"

"Kwamba siwezi kuoa mwingine."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hushuki."

"Basi leo unaniambia nishuke."

Kabla hajajibu, Marcella alitokea mlangoni akipangusa mikono kwa leso. Aliwaangalia wote wawili, mmoja halafu mwingine.

"Winrose. Wanakuita. Na wewe mwanangu, beba hizo soda, usiingie mikono mitupu kama mwongo."

Winrose aliingia sebuleni. Alisimama mahali msichana anaposimama, kati ya meza na mlango. Hakuwa amevua aproni. Ule mfuko wa muguka ulikuwa pale pale, umeanza kutoa jasho.

"Winrose," baba yake alisema, "unawajua hawa watu?"

"Nawajua, baba."

"Wamekuja kwa sababu yako?"

"Kwa sababu yangu."

"Umesikia maneno yangu. Ulikuwa dirishani, usijifanye. Nifungue huu mzigo?"

Winrose aliona kwa pembe ya jicho Kivuti akiweka kreti ya soda chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Alijua jibu ambalo kila mtu aliyekaa pale alikuwa ameshaliandaa kwa niaba yake. Alijua pia kwamba hilo jibu lingine likishatoka, huenda yale masikio makubwa yangepanda gari yakarudi Embu na asiyaone tena.

"Usifungue, baba."

Chupa ya soda ikagonga nyingine.

"Umesema?"

"Nimesema usifungue. Ukifungua kwa hayo masharti, utakuwa umewapa msichana ambaye hayuko. Watafika naye Embu waanze kumtafuta."

"Haki ya Mungu," Hezekiah alinong'ona.

"Winrose, unaniaibisha mbele ya wageni."

"Sikuaibishi, baba. Nakuambia ukweli mbele ya wageni, ili kesho asije mtu akakuambia nilikudanganya. Hao watu wa kanisa wanaokuuliza, waambie, 'Ndiyo, ni msichana wangu.' Waulize kama walisikia vizuri."

Mzee mmoja wa ukoo akafungua mdomo. Winrose hakumpa nafasi.

"Unajua tunafanyia mazoezi wapi? Majengo, nyuma ya bucha. Adhana ikianza tunazima kila kitu, tunakaa chini, hakuna anayegusa hata waya. Ikiisha, mwenye bucha mwenyewe anagonga ukuta na kisu chake, anatuambia, 'Haya, endeleeni, wateja wangu wamenyamaza.' Hakuna ambaye amewahi kunikosea adabu hapo, baba. Kule Chuka tulipigia watu harusi. Kuna nyanya mmoja alikaa mbele ameziba masikio, wimbo wa kwanza mpaka wa tatu. Wimbo wa nne akatoa kidole kimoja. Jioni akanishika mkono akaniuliza hiki kitu nimekifungia wapi siku zote, mbona sikumletea akiwa msichana. Mimi nilienda nyuma ya hema nikalia. Nilitaka awe wewe. Miaka tisa nimeangalia watu wakikaa mbele, na hakuna siku nimeona kofia yako."

Mzee Mithika alishika mkono wa kiti.

"Kwa hivyo gitaa haiuzwi," Winrose alisema, na sauti hakuishusha. "Haipandi dari. Nikikaa hapa mpaka nywele ziwe nyeupe, nitazeeka nayo hapa hapa. Huyo kijana nampenda. Kila mtu ajue. Nampenda mpaka ninaumwa. Lakini kama kumpata ni kuacha mkono mmoja nyumbani, aende."

"Umemaliza?"

"Bado, lakini nitapumua kwanza."

Hapo ndipo Kivuti aliposimama.

Hezekiah alimshika koti. "Keti, wewe! Umerogwa?"

"Niache, baba mdogo."

"Kijana haongei!"

"Nimejua. Nisamehe." Akalivua koti, likabaki mkononi mwa Hezekiah. "Mzee Mithika, mimi ni mkosaji. Nilisikia nikiahidiwa bibi ambaye ameacha gitaa na nikanyamaza. Hata hapo nje nimemwambia tukudanganye kidogo. Amekataa. Mimi nimelelewa vizuri, lakini leo amenishinda."

"Nani amekupa ruhusa ya kuongea?" baba yake Winrose akauliza, sauti ya chini kabisa.

"Hakuna. Mzee, mimi huyu msichana sikumpata kisimani. Nilimpata jukwaani. Ukinipa na gitaa, nitakushukuru mpaka niingie kaburini. Ukinipa bila gitaa, hata ukinipa bure, hata ukiniongezea ng'ombe, simchukui. Nitarudi na muguka yangu Embu na nitakaa bila bibi."

Winrose alimwangalia. Aliyaangalia yale masikio, na hizo mbavu zilizokuwa zinapanda na kushuka chini ya shati kama amemaliza wimbo mrefu. Angetaka kuvuka ile sebule. Hakuvuka. Lakini hakuona haja ya kuficha uso wake, na kila mtu aliyekaa pale akauona.

Mzee Mithika akamgeukia Hezekiah.

"Huyu kijana ameongea kwa kikao cha wazee."

"Nimemsikia kwa masikio yangu," Hezekiah alisema, amekasirika kweli kweli. "Kwetu tungemtoza mbuzi."

"Hata kwetu ni mbuzi."

"Mbuzi mzima, si wa kukonda!"

"Wa kukonda hapana." Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi wazee hao wawili kukubaliana. "Basi atatoa. Ataleta hapa kwangu, kwa mkono wake."

Mlangoni, Marcella alikuwa amesimama na sinia la vikombe. "Mithika," alisema kwa upole, "tangu lini umetoza mbuzi mtu ambaye hatarudi?"

Mzee Mithika alimtazama mke wake kwa muda. Wale wazee wa ukoo walipata ghafla kitu cha kuangalia kwenye dari.

"Mimi nimeongea juu ya mbuzi," Mithika alisema hatimaye. "Na muguka itoke hapa, inaniharibia meza. Mkija tena mje na miraa, iliyofungwa. Kijana, mbuzi aje Jumamosi."

Kivuti alimwangalia Winrose. Winrose akafungua fundo la aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti; saa kumi na shoo ya Kinoru zilikuwa zinakaribia.

"Jumamosi haiwezekani, baba," alisema. "Jumamosi tunapiga Embu. Mimi na yeye."

Mzee Mithika aliinama akaokota kofia yake iliyokuwa chini ya kiti, akaipiga vumbi ambalo halikuwepo, upande mmoja, halafu upande mwingine.

"Jumapili basi," alisema. "Baada ya kanisa."